Miguno Miwili

Siku ya kwanza Sembagare kurudi kazini, gorila dume hakumjibu. Wivu ulianzia hapo, na tusidanganyane, ulikuwa wivu hasa, ule wa kumkosesha mtu hamu ya viazi vyake.

Miaka kumi na tisa alikuwa ndiye anayetangulia kwenye familia ya gorila ya dume Mutuzo. Wafuata nyayo hupanda mlima asubuhi mapema, huanzia pale gorila walipolala, na wakiwakaribia, aliye mbele huguna mara mbili: mguno mfupi, kisha mrefu unaoshuka. Ndiyo hodi yenyewe. Dume akijibu, watu wanasogea na watalii wanaitwa kwa redio. Asipojibu, hakuna cha kusogea. Na Mutuzo alikuwa akimjibu Sembagare tangu hajaota hata unywele mmoja mweupe mgongoni.

Kisha koo likamshika. Akapelekwa hospitali, wakamtoa uvimbe, akakaa nyumbani miezi mitatu akinywa uji. Aliporudi, mbele palikuwa na Nyiransaba. Nyiransaba huyuhuyu, mama wa watoto wawili, aliyeajiriwa juzijuzi tu, ambaye Sembagare mwenyewe ndiye alimfundisha kutofautisha kinyesi cha jana na cha leo! Sasa anaguna yeye, na kule kwenye mianzi Mutuzo anaitika, mmm, kama mzee aliyeletewa pombe ya mtama. Siku ya pili Sembagare alijaribu, akaguna vizuri tu kwa masikio yake. Kimya. Nyiransaba akaguna, jibu likaja. Wenzao walitazama pembeni kwa adabu, isipokuwa Bizuru, ambaye adabu hana.

"Mzee, hiyo ni talaka," Bizuru alisema. "Tena hata barua hujapewa."

Sembagare alicheka nao, lakini ndani anaungua. Nyumbani akamwambia mkewe, Mukandori, kwamba yule mwanamke lazima anamhonga dume, labda kwa ndizi, na ndizi msituni ni marufuku. Mukandori akamwambia kwamba katika miaka ishirini na saba ya ndoa yeye hajaonewa wivu hata robo ya huo, akamsogezea maharage. Hakuyagusa.

Akaanza kumchunguza. Mfuko wa Nyiransaba ulikuwa na viazi vya kuchemsha na koti la mvua, basi. Akamnunia. Akawa anamsalimia mwisho, anamkosoa njia aliyoikata vizuri kabisa. Na mkuu wao alikuwa ameshasema wazi: Ijumaa ataamua nani abaki mbele, na mwingine atahamishiwa ubavu wa pili wa mlima kung'oa mitego ya wawindaji. Kule hakuna gorila hata wa dawa. Sembagare alijua kwamba akipelekwa kule, hatamwona tena Mutuzo.

Ijumaa ikafika na ukungu wake. Walipokuta kinyesi kinachofuka mvuke, Sembagare akamwambia Nyiransaba ashuke awawahi watalii, kwa sababu njia ya chini imeporomoka. Haikuwa imeporomoka. Hakuwahi kumdanganya mwenzake msituni, na jambo hilo lilimsuta kidogo, lakini kidogo tu. Akaingia kwenye mianzi peke yake.

Mutuzo alikuwa amekaa akimenya chipukizi la mwanzi. Sembagare akaguna mara mbili. Dume akainua kichwa, akamtazama kama anavyomtazama mtalii. Sembagare akasogea hatua tatu, akaguna tena kwa nguvu, na sauti ikatoka kama msumeno kwenye ubao. Mutuzo akasimama, akapiga kifua, akaja. Sembagare alijitupa kifudifudi kwenye majani ya kuwasha, kama alivyowafundisha wengine miaka yote, akasikia pumzi nzito juu ya kisogo chake.

Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe. Si hii ya sasa, ile ya zamani, ikitoka nyuma yake kwenye ukungu: mguno mfupi, kisha mrefu unaoshuka. Wiki nzima alikuwa akisikiliza jibu tu. Mguno wenyewe hakuwahi kuusikiliza. Mutuzo akaitika, mmm, akarudi kwenye chipukizi lake.

Nyiransaba alimvuta kwa mkanda wa koti hadi nyuma ya mti.

"Njia haijaporomoka, Mzee."

"Najua," Sembagare alisema. "Sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Si kwako? Ya kwangu hakuwahi kuijibu hata siku moja. Ulipolazwa tulikaa siku tisa hatumsogelei. Nikaanza kukuiga. Napalilia viazi huku naguna wewe, mpaka wanangu wananicheka." Akafuta matope usoni. "Hanijibu mimi, Mzee. Anakujibu wewe."

Sembagare alishika kovu la shingoni. Wivu haukumtoka, wala usidhani ulimtoka. Ulihama tu. Sasa alimwonea wivu yule mwanamume wa miezi mitatu iliyopita, yeye mwenyewe kabla ya kovu, na huyo hasingiziki ndizi.

Redio ikakwaruza. Mkuu alikuwa anauliza nani yuko mbele, wageni wanapanda. Nyiransaba akamtazama, redio mkononi. Sembagare akaichukua redio.

"Nyiransaba yuko mbele," alisema kwa sauti yake ya msumeno. "Na abaki hapohapo."

Akairudisha redio, akakaa chini akijikuna mikono iliyojaa vipele.

"Guna tena," alimwambia.

Nyiransaba akaguna, na dume akajibu.

"Wa pili unaukata," Sembagare alisema. "Mimi nilikuwa nauacha ushuke mpaka uishe wenyewe. Rudia."