Kiwiko cha Hilkka Rautiainen

Jumamosi, tarehe 13 Februari 1993, saa nane na dakika ishirini mchana, maji ya birika la ubatizo yalikuwa na nyuzi joto ishirini na saba. Niliyapima mwenyewe. Tanki la maji moto la kanisa letu dogo la Kajaani halikutosha, kwa hiyo tangu asubuhi mimi na Mzee Thayne tulikuwa tukichemsha maji jikoni na kuyabeba kwa masufuria.

Thayne alikuwa na miaka ishirini na moja, mimi ishirini. Wamisionari wa kanisa letu huitwa Wazee hata kabla ndevu hazijakolea. Tulilala chumba kimoja, tukabisha hodi pamoja, na kanuni ilikataza mmoja kwenda popote bila mwenzake. Yeye alitoka kwenye shamba la viazi huko Idaho na alibakiza siku tatu arudi kwao. Katika miezi ishirini na tatu alikuwa amebisha milango ya miji mitano ya Finland bila kumbatiza mtu hata mmoja.

Wa kwanza angekuwa Hilkka Rautiainen, mjane wa miaka sabini na moja.

"Nyinyi vitoto ni Wazee, na mimi bibi kizee mnaniita Dada," alituambia siku alipotufungulia mlango. "Haya, ingieni, Wazee, kabla hamjaganda."

Mumewe, Eero, alikuwa mwelekezaji wa magogo ziwani. Mwaka 1958 aliteleza akazama, na mwili wake ulipatikana baada ya siku kumi na moja. Hawakuwa na watoto. Thayne alimweleza tunachoamini, kwamba ndoa inaweza kufungwa hekaluni ikadumu milele, hata kama mmoja ameshakufa. Lakini kwanza abatizwe, kisha angoje mwaka mmoja. Hilkka alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Wiki hiyo hiyo aliacha kahawa, maana sisi hatunywi. Kwa wiki saba alitukaribisha kwa maji moto yenye maziwa, akiyanywa kama mtu anayemeza dawa.

Kilichobaki kilikuwa maji. Tangu alipomzika Eero hakuwahi kuingia maji yanayopita magoti.

"Mara moja tu," Thayne alimwahidi. "Utahesabu moja, mbili, na umeshatoka."

Kanuni ya ubatizo ni kwamba mtu azame mwili wote. Mashahidi wawili husimama kando ya birika, na kiungo chochote kikibaki juu, hata ncha ya kidole, ubatizo hurudiwa. Mashahidi tulikuwa mimi na Rais Kettunen, fundi wa mabasi aliyeongoza tawi letu la watu kumi na tisa.

Mara ya kwanza mguu wa kulia uliibuka mpaka kifundo. Sote tuliuona. Hilkka alitoka akikohoa, akamshika Thayne shingoni kwa mikono miwili.

"Tena?" aliuliza. "Uliniambia mara moja, mwanangu."

"Tena kidogo tu, Dada. Nimekushika."

Alifumba macho. Mara ya pili miguu ilibaki chini. Aliibuka akicheka na kulia, akapiga maji kwa kiganja.

"Tayari! Eero, umeona?"

Rais Kettunen alitikisa kichwa kukubali. Miwani yake ilikuwa imejaa mvuke. Thayne alinigeukia mimi.

Kiwiko cha kulia hakikuzama. Nilikuwa umbali wa mita moja na nusu.

"Kiwiko," nilisema.

Hilkka alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaanza kupanda ngazi akishika kuta.

"Siwezi," alisema. "Msinikasirikie. Mkinirudisha humo nitakufa."

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Thayne hakuvua nguo zake nyeupe. Maji yalichuruzika sakafuni.

"Kiwiko, Ostler? Kweli?"

"Kilikuwa nje."

"Kiasi gani?"

"Sentimita tatu. Labda nne."

"Baba yako mpima ardhi, basi unadhani na Mungu anatembea na tepu?"

"Uliniuliza nilichoona."

"Sikukuuliza. Nilikutazama tu." Akakaa kwenye benchi. "Alishamwita Eero, bwana. Ulimsikia."

Nilikuwa nimemsikia.

Jumapili Hilkka hakuja kanisani. Jumatatu tulikwenda kwake. Kabla hajafungua, harufu ya kahawa ilitufikia kupitia tundu la barua. Alikuwa ameikunja nguo nyeupe ya ubatizo, imefuliwa na kupigwa pasi. Aliiweka mikononi mwangu.

"Huyu aende salama kwao," alisema, akimwelekezea Thayne kidevu. "Mwambie mama yake alinishika vizuri."

"Dada, tunaweza kujaribu tena," nilisema. "Majira ya joto. Taratibu."

"Umeshasema kweli yako, Mzee. Sasa niache na kahawa yangu."

Jumanne, treni ya Thayne iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Alinipa mkono. Hakunikumbatia, na desturi yetu ni kukumbatiana.

Nilibisha kwa Hilkka mara sita zaidi na mwenzangu mpya. Mara mbili pazia lilisogea. Aprili nilihamishiwa mji mwingine.

Mwishoni mwa 1994, nikiwa nimesharudi nyumbani Utah, Rais Kettunen aliniandikia kwamba Hilkka amekufa tarehe 3 Novemba, na amezikwa kando ya mumewe. Nilimwandikia Thayne. Hakujibu.

Kwetu, mwaka ukishapita tangu kifo, mtu aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya marehemu. Tunafundishwa kwamba marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Mwanamke husimama kwa mwanamke. Nilimwomba mdogo wangu, Janae, mwenye miaka kumi na sita.

Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1995, saa nne asubuhi, Janae aliingia birika la hekalu. Jina la Hilkka Maria Rautiainen lilitajwa. Shahidi upande wa kulia nilikuwa mimi. Nilitazama kiwiko. Kilizama.

"Sahihi," nilisema.