Mikono ya Mizani

Watu walimwita Mizani, na jina hilo hakulipata kwa kuuza nyama. Alikuwa mfugaji, na kila msimu wa majani aliyabeba mwenyewe marobota ya majani yaliyofungwa, moja baada ya jingine, kutoka shambani hadi kwenye tela, na kutoka kwenye tela hadi ghalani. Akilinyanyua robota kwa kamba zake mbili tu, alishajua ndani lina unyevu kiasi gani. Lililo kavu alilipandisha. Lililomlemea kupita kawaida alilitupa kando, likafunguliwa, likaanikwa upya, maana majani mabichi yakibanwa hupata joto yenyewe, na joto hilo huzaa moto. Miaka ishirini na miwili ghala lake halikuungua, na majirani walikuja kumwomba apitishe mkono kwenye maghala yao.

Mikono ilikuwa dhahabu, lakini mgongo ulikuwa umechakaa. Ulianza kumuuma asubuhi, ukaja kumuuma mchana kutwa, mwisho mkewe ndiye akawa anamfunga kamba za viatu. Daktari hakumung'unya maneno: msimu mmoja zaidi wa kunyanyua, na mtu huyu atakuwa wa kubebwa. Mke akatoka hospitali amekata shauri. Mume alikuwa naye mmoja tu, na hakuwa tayari kuja kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu eti kwa ajili ya majani ya ng'ombe.

Basi wakaenda kwa muuza mashine, mume, mke, na wifi, yaani dada yake Mizani, aliyeishi nao na kukamua ng'ombe. Muuzaji alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akawaonyesha mkanda, ngazi ndefu yenye mota: unaweka robota chini, linapanda lenyewe mpaka juu ghalani. Kisha akawaonyesha kucha za chuma za kufunga mbele ya trekta, zinazonasa marobota manane kwa mpigo na kuyapanga bila kuguswa na mtu.

Mizani aliupenda mkanda. Alisema kwa mkanda kila robota bado litapita mikononi mwa mtu kabla ya kupanda. Mkewe akamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu yeye hautaki. Alimjua mtu wake vizuri: angesema nanyanyua hili moja tu, na hili moja tu, mpaka yafike mia tatu.

Muuzaji akatoa na kidude cha tatu, chenye sindano ndefu. Ukikichoma ndani ya robota kinakusomea unyevu. Mke akacheka, akampigapiga mumewe begani.

"Hicho tunacho nyumbani," akasema, "tena chetu kinakoroma."

Wakacheka wote, Mizani mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. Wakanunua kucha, kidude wakakiacha mezani. Mambo yaliharibika palepale, katikati ya kicheko, na hakuna aliyeona.

Msimu ulipofika mke alijifunza kuziendesha kucha kwa siku moja, na ukweli usemwe, alizimudu. Kazi ya siku nne ikaisha kwa siku moja na nusu. Mizani alikuwa akimfuata nyuma na fimbo yake. Alimwomba amshushie marobota ya pembe ya chini, kule kwenye miti ambako jua huchelewa, ayaguse tu. Mke akamwambia akaketi. Akaomba mara ya pili. Mke akazima trekta.

"Mume wangu, nikikuona umeinama, mashine hii naiuza kesho, na ng'ombe wote nyuma yake. Kaa."

Akakaa. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni mwa ghala, akiyatazama marobota yakipita mbele yake manane manane. Jioni alisema kwamba macho hayapimi. Mke alidhani ni ubishi wa mwanaume aliyenyang'anywa kazi, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, akalala na furaha yake.

Wiki ya tatu, asubuhi, Mizani alisimama uani akinusa. Ilikuwa harufu kama ya sukari iliyoungua. Akachukua nondo, akaisukuma katikati ya marobota, akangoja, akaichomoa, na hakuweza kuishika kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Akamwambia dada yake awaite zimamoto na kuwatoa ng'ombe, kwa kuwa zizi na ghala vilitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mke alikwisha kupanda trekta. Akili yake ilimwambia ayatoe marobota haraka, ghala lipone. Mizani alimpigia kelele aache, kwamba akiyafungua hewa itaingia na moto utalipuka, lakini trekta lilikuwa linanguruma na yeye hakusikia neno. Mizani akaona ajitokeze mbele ya macho yake. Akapanda kwa ubavuni, na mgongo wake ule, robota kwa robota, mpaka juu kabisa, akapunga mikono.

Moto ulikuwa umekula ndani kwa ndani siku nyingi, ukaacha shimo, na marobota ya juu yalionekana mazima. Mizani alipokanyaga katikati alizama kama mtu aliyekanyaga mbao mbovu za choo. Mke alimwona akipunga, kisha hakumwona.

Zimamoto walimtoa akiwa hai. Hospitalini daktari, akitafuta jema la kuanzia, alisema kwamba mgongo haukuumia hata kidogo. Mke akamkodolea macho mpaka daktari akatazama pembeni.

Siku ya pili Mizani alipata sauti kidogo. Dada yake akamwinamia, akamuuliza imekuwaje, yeye tangu lini akapitisha robota bichi?

"Niliyapima mwenyewe," Mizani akasema. "Nikakosea. Mikono imezeeka."

Mke akafungua kinywa. Mumewe alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi, na lile jicho lilikuwa linamkataza, naye akafumba. Kabla ya jua kuchwa Mizani akafa.

Baada ya mazishi watu walijaa uani. Hakuna aliyemlaumu mke. Walimletea maji, walimpa pole. Ila walikuwa wanasema. Mmoja alisema kuishi kwingi ni kuona mengi, kumbe hata Mizani hukosea. Jirani mwingine akasema basi na ghala lake yeye, lililokaguliwa na marehemu mwaka jana, huenda wanawe walikuwa wanacheza kando ya moto. Wengine wakaguna kukubali. Ile kazi ya miaka ishirini na miwili ilikuwa inazikwa pale pale, siku moja na mwenyewe, naye mke alijua kwamba akinyamaza itazikika na yeye atabaki salama. Moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma kaburini.

"Hakukosea," akasema. Akarudia kwa sauti. "Hakukosea. Hakuligusa hata moja. Aliniomba mara mbili ayapime, nikamkataza. Na juu kule alipanda ili kunizuia mimi."

Wifi yake alikuwa amemshika bega tangu makaburini. Akauondoa mkono wake taratibu, akainuka, akaenda kukamua ng'ombe.