Nakshi ya Baraza la Kathiresan

Haya ni kweli tupu, tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa chawa, kahawa yake na bajia mbili ni juu yangu.

Kathiresan alitaka baraza lake lipate sakafu mpya kabla wazazi wa kijana hawajaja kumposa binti yake. Baraza lilikuwa la udongo, na dada yake mkubwa, Alamelu, alilisiriba kwa samadi ya ng'ombe kila asubuhi tangu alipofiwa na mume akarudi nyumbani. Nusu ya nyumba ile baba yao alimwachia Alamelu. Mwaka juzi Kathiresan alimpelekea karatasi jikoni, akamwambia ni ya mgawo wa mchele. Alamelu hakusoma shule. Alifuta mikono, akatia dole gumba la kushoto, akarudi kwenye sufuria yake.

Mchwa wa pale hula kila ubao, basi fundi Arokiasamy aliulizwa ni kitu gani kinachowashinda.

"Mtiki mkongwe, bosi. Mchwa akiuuma, anaacha meno."

Mtiki ulipigiliwa Jumatatu. Ijumaa ulikuwa umeliwa, ila si ovyoovyo. Vifereji vilizunguka, mstari ndani ya mstari, hadi kitovu cha katikati, baraza zima. Alamelu aliinua dole gumba, akafumba jicho moja, akalinganisha.

"Ni langu," alisema. "Hata kovu la mundu lipo."

"Sogea, dada, tunapima," alisema Kathiresan.

Sumu ya mchwa, mkewe Visalakshi aliikataa. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu anakomwagia maziwa na manjano kila Ijumaa, kwa kuwa mungu wa kike wa nyoka anakaa humo.

"Huwezi kumpa mtu maziwa mlangoni na sumu dirishani," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Ikaja mianzi iliyochemshwa kwa chumvi. Mchwa waliichora kwa siku tatu. Zikaja mbao za plastiki, ambazo muuzaji aliapa kwa wanawe wote wanne kwamba mchwa hawazili. Kweli hawakuzila, yule bwana alikuwa mwaminifu. Walijenga tu vijia vyao vya udongo juu yake, mstari ndani ya mstari, na kovu mahali pake.

"Mdogo wangu, unahangaika bure na mbao," alisema Alamelu huku akifagia. "Ile karatasi wameshaila?"

"Iko kwenye sanduku la chuma."

"Basi ndiyo maana wana njaa."

Zikiwa zimebaki siku sita wageni waje, Arokiasamy alileta vigae vya saruji alivyovimimina mwenyewe juu ya kioo, kama wanavyofanya mafundi wa kwetu, akavipanga bila kuacha nafasi ya kupitisha unywele. Asubuhi ya pili mistari ilikuwa ndani ya vigae vyenyewe, ya rangi ya kahawia, laini ukipapasa. Fundi alipitisha kitambaa chenye maji, akarudi nyuma hatua mbili.

"Imetoka vizuri," alisema.

Wageni walikuja, wakavua viatu, wakaketi juu ya dole gumba la Alamelu wakala ndizi na halua. Baba wa kijana aliisifu nakshi, akauliza imetoka karakana gani.

"Ni ya ukoo wetu," alijibu Kathiresan, na uchumba ukakubaliwa kabla kahawa haijapoa.

Tangu hapo fundi ameagizwa nakshi ile na nyumba tano. Alamelu huisugua kila asubuhi kwa kumbi la nazi, akifuata mizunguko, kisha hukaa kwenye ngazi ya chini, pasipo na kigae. Karatasi ipo sandukuni, haijatobolewa hata tundu.

Juzi nilikuwa nikiyasimulia haya kwenye duka la kahawa, Alamelu akapita na kikapu cha ukwaju. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho.

"La kushoto nani kakwambia? La kushoto lilikuwa limeungua kikaangoni. Nilitia la kulia."

Akalitoa. Kovu lilikuwepo.

"Mengine yote umesema sawa," aliongeza. "Bajia ziwe za moto."

Nikaagiza. Nilimvutia kiti, akakataa, akanywa kahawa kwa kusimama. Baraza, alisema, aliliacha na maji, hajalikausha, na mwenye nyumba karibu anarudi.