Majogoo Wasio na Bei

Raheli wa Mkonze alikuwa na banda la majogoo walionona, mume asiyewapenda, na mwalimu wa biashara aliyemwokota kwenye simu. Gerson, huyo mume, alishatoa neno: pumba zimepanda, Jumamosi ikipita majogoo hawajauzwa, kuku wote wanakwenda kwa mama yake kule Chemba, mitetea pamoja. Na Raheli aliwapenda mno wale mitetea.

Mwalimu alikuwa kijana mtanashati ambaye, kwa kumtazama tu, hajawahi kushika kuku asiyekaangwa. Alifundisha kwamba kunadi ni ushamba. Mteja haombwi, anavutwa. Usitaje bei, simulia. Raheli aliyaamini yote, maana tangu utotoni aliona haya kutembeza kitu asije akaonekana ana njaa. Sasa haya yake ilikuwa imepata msomi wa kuitetea.

Akaanza kuweka picha kwenye stetasi ya simu yake. Jogoo mwekundu alfajiri: “Asante Mungu kwa ulipotufikisha.” Majogoo wakila: “Siku inakaribia.” Ijumaa akaweka banda zima: “Wako tayari. Kesho ndiyo kesho.” Watu wakammiminia pongezi. Bei hakuuliza mtu, naye akajiambia wanavutika polepole.

Wanavutika kweli. Picha za majogoo, shukrani kwa Mungu na siku iliyotajwa: kwa wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, hiyo si biashara, hiyo ni shughuli. Na mwenye shughuli haachwi apike peke yake. Jumamosi asubuhi Anjelina, mwenyekiti wao, aliingia uani na kundi zima, kanga kiunoni, visu, mchele na masufuria makubwa. Walishakubaliana wenyewe kwamba ni kumbukumbu ya ndoa, wakamlaumu kidogo kwa kuwaficha.

Neno moja lingetosha: nawauza. Raheli alifungua mdomo, haya ikamshika ulimi.

“Karibuni ndani,” akasema. Kufikia adhuhuri majogoo wote walikuwa masufuriani.

Gerson alirudi kutoka Ipagala akakuta anapigiwa vigelegele kwa uvumilivu wake katika ndoa. Akawekewa sahani ya firigisi, kama inavyompasa baba mwenye nyumba. Alikula zote, kisha akaenda bandani kuhesabu mitetea, na hesabu hiyo ilimtisha Raheli kuliko matusi.

Jioni, wakisugua masufuria, Anjelina alimsogelea.

“Mama, kuku wako watamu. Mimi wiki hii nimezunguka mji mzima natafuta majogoo wa kipaimara cha mwanangu, nimeambulia vijikuku vya kukonda. Ningepata hawa ningebeba banda zima.”

“Sasa si ungeniuliza?”

“Nikuulize wewe? Mtu ana shughuli yake, nimuulize bei ya kitoweo? Ningeonekana sina adabu.”

Raheli aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limetakata zamani. Moyo ulimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu isipokuwa yeye mwenyewe na yule mtanashati.

Kesho yake mitetea walipakiwa kwenye pikapu. Jirani mmoja alichungulia akauliza kama wanauzwa. Gerson akajibu hapana, wanakwenda kwa mama. Raheli alisimama getini, machozi yakimlengalenga, simu ikalia mkononi. Ni ujumbe wa mwalimu. Alikuwa anawatangazia wanafunzi wake wote darasa la pili: ada imeandikwa kwa herufi kubwa, namba ya kulipia chini yake, na mwisho wa kulipa ni leo.