Tao la Tatu

Mwenyekiti wa kamati alikifungua kitabu changu katikati, akakigeuza ili dada yangu aone vizuri, kisha akaweka kidole juu ya tao la tatu. Kilikuwa kidole kisafi, ukucha umekatwa kwa uangalifu. Uso wake nimeshausahau, lakini ukucha ule ninao mpaka leo.

"Mama, umesema umeshona hapa miaka kumi na tisa," alisema. "Nionyeshe ulipo."

Dada hakukiangalia kitabu. Aliniangalia mimi. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ananisubiri tu niseme neno, kama anavyomsubiri mteja ajaribu nguo kwanza ndipo aseme inambana wapi.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo silifichi hata nikilia. Veranda ya posta ya zamani, matao saba, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mwanga umeingia kwa ubavu, sakafu ina rangi ya chai ya maziwa, nguzo zimesimama utadhani zimejengwa jana. Kiumbe hakuna, hata paka. Ukurasa mzima, na kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, jina langu.

"Hii umepiga wewe?" mwenyekiti aliniuliza.

"Nimepiga mimi."

Manispaa ilikuwa imeamua kuikarabati posta ile iwe maduka na ofisi. Mafundi wote wa veranda walitakiwa kuondoka, isipokuwa atakayethibitisha kwamba amefanya kazi pale miaka kumi au zaidi. Huyo angepewa chumba chake chini, mle mle ndani. Uthibitisho ulikuwa hati au picha. Hati hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia fundi wa veranda chochote zaidi ya kumfukuza. Zikabaki picha. Fundi viatu alileta moja iliyopigwa zamani na mteja wake, ina ukungu, inaonyesha nusu ya uso wake na kiatu kizima. Wakamkubalia. Mchonga funguo alionekana kwa mbali nyuma ya bibi harusi wa watu, mdomo wazi, anapiga miayo. Naye wakamkubalia, na wenzake wakamtania wiki nzima kwamba miayo imempatia chumba.

Dada hakutafuta kitu. Aliwaambia wenzake wote kwamba yeye hana wasiwasi, mdogo wake ameipiga veranda ile mpaka mawe yanamjua kwa sauti. Aliwaambia akicheka. Siku ya kwenda kwenye kamati alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, akapita kunichukua mapema tusichelewe.

Huyo ndiye aliyenilea. Mama alifariki nina miaka tisa, na dada akaacha shule akakaa kwenye cherehani ya mama, tao la tatu kutoka mahakamani. Watu walimwita Vifungo, maana kifungo kilichokatika alikishona bure, tena mtu akiwa bado amelivaa shati, anamwambia asipumue sana sindano isije ikamchoma. Kamera yangu ya kwanza ilitoka kwenye cherehani ile. Nilipoipata nilivimba kichwa. Nikasema sitapiga harusi wala picha za vitambulisho, nitapiga mji: mnara wa saa, daraja la reli, mahakama, na zaidi ya vyote, posta ya zamani.

Jua pale huchomoza nyuma ya paa la mahakama. Kipindi cha kiangazi hupenya kwenye upenyo ulio kati ya mahakama na benki, likaingia kwenye veranda kwa tao la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu, taratibu, kama mtu anayekagua vyumba. Inachukua dakika kumi na mbili. Baada ya hapo linapanda, na kila kitu kinakuwa cheupe na cha kawaida. Dakika hizo kumi na mbili nilizifukuzia miaka kumi na moja.

Tatizo ni kwamba dada naye alizitaka. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na mwanga ule wa ubavu ndio uliomwonyesha tundu la sindano na mshono wa kitambaa cheusi. Kwa hiyo nilipofika na kamera nilimkuta ameshakaa, cherehani imeshafunuliwa, anashona.

"Dada, sogea kidogo."

Alikuwa anasogea. Anainua cherehani na meza yake, anaiburuta mpaka nyuma ya nguzo, anarudi kuchukua kiti, halafu kikapu cha vitambaa, kisha anasimama kwenye ngazi za nje na mkasi mkononi. Kutoka huko anauliza, "Bado naonekana?" Nami nachungulia kwenye lenzi, namwambia arudi nyuma hatua moja, nyingine, basi. Huonekani. Hapo ndipo nilipopiga.

Asubuhi moja aliniomba nimwachie dakika mbili tu. Alikuwa na koti jeusi la mtu aliyefiwa, linatakiwa saa mbili. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nguo atashona siku nzima, mwanga haumsubiri mtu. Akasogea. Baadaye, mwanga umeshapanda, akaikata kola upande, na mwenye koti akamsema mbele za watu. Nilikuwepo. Nilikuwa nafunga begi langu, nikaendelea kulifunga.

Aliwahi pia kuniuliza kama ipo siku nitampiga na yeye. Nikamwambia nitampiga, mwanga ukiwa mzuri.

Mchapishaji wa kile kitabu alinisifu kwamba picha zangu ni safi. Neno hilo lilinikaa moyoni, nikalitembeza mjini kama nishani. Safi. Wengine picha zao zina makuli, vikapu na watu wanaokuna vichwa. Zangu zilikuwa safi. Kitabu kikawekwa kwenye meza za mahoteli na ofisi za wakubwa, na nakala moja ikafika kwenye meza ya mwenyekiti wa kamati, ambaye nadhani aliipenda kwa moyo mweupe kabisa.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia dada alikuwepo kila siku ile, kwamba mimi ndiye niliyemtoa, ndivyo tunavyofanya sisi wa kazi hii. Maneno yalinitoka vipande vipande. Aliniuliza kwa upole kama ninayo picha nyingine. Nikasema ninazo mia nne. Dada aliposikia hivyo akashusha pumzi, akatabasamu. Tukapewa siku tatu.

Siku ya kwanza na ya pili nilikaa sakafuni chumbani kwangu, makopo ya filamu yamenizunguka, kioo cha kukuzia jichoni. Mia nne na kitu. Asubuhi za kiangazi, asubuhi za mawingu, asubuhi za vumbi. Dada hakuwemo hata moja. Hakuna mkono, hakuna hata ncha ya kanga. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku zile. Kila filamu niliyoinua kwenye dirisha ilikuwa nzuri.

Siku ya tatu nilipata moja. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama upande linakotokea jua, na kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye sakafu ya tao la kwanza mpaka la pili: shingo iliyoinama, mkono, na gurudumu la cherehani aliyokuwa ameikumbatia kwa sababu hapakuwa na pa kuiweka. Niliitambua picha. Ndiyo hiyo hiyo ya kitabuni. Kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji nilikuwa nimekaa mchana mzima kwenye kompyuta nikikifuta kivuli kile.

Mwenyekiti aliishika kwenye mwanga muda mrefu. Haki yake nampa, aliangalia.

"Kivuli nakiona," alisema. "Mtu simwoni."

Nikamwambia hakuna mpita njia anayepita amebeba cherehani. Akasema inawezekana, lakini sheria inataka sura. Dada alikuwa ameshasimama, anakunja mtandio wake. Nilipotaka kutoka nyuma yake, mwenyekiti akaniita, akasogeza kitabu mbele yangu na kuniomba nimsainie. Kalamu aliniazima yeye. Nikasaini.

Sasa dada anashonea nyumbani. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na taa inawaka mchana. Wateja wa zamani wachache wanaijua njia. Fundi viatu na mchonga funguo wako posta, nyuma ya vioo, na mimi sipiti huko. Hajanisema hata mara moja. Ananiwekea chakula, ananiuliza habari za kazi, ananikagua vifungo. Afadhali angenisema.

Mwezi uliopita nilikwenda jioni, kamera begani. Jua lilikuwa limepiga bati la jirani, likarudi likaingia dirishani kwake, na kwa mara ya kwanza nikaona chumba kile kina mwanga. Uliangukia gurudumu, mikono yake, mvi zake za pembeni. Nilifungua kifuniko cha lenzi tu.

Akausikia mlio. Mguu ukasimama kwenye pedali. Hakuinua hata macho. Aliikusanya nguo, akainuka, akakiburuta kiti mpaka mlangoni, nyuma yangu.

"Bado naonekana?" aliuliza.