Posa ya Ukumbi wa Kinondoni

Kufikia saa sita mchana wasichana kumi na wanane walikuwa wameingia ukumbini na kutoka, na daftari la Rogers lilikuwa na jina moja tu.

Kampuni ya Nairobi iliyomtuma yeye na mwenzake Demetria kusaili ilikwisha kufanya siku kama hii kwao, kisha Kampala: wasichana wanaojua kompyuta wanaitwa, wanasailiwa, wanaofaa wanaajiriwa. Mwaka huo wa 1996 ilitaka kuvuka mpaka wa kusini, na Demetria, Mhaya aliyekulia Temeke, ndiye aliyepigania iwe Dar. Wakubwa wake wakamjibu kwa mkato: majina kumi ifikapo saa kumi jioni. Yakipungua, Dar inafutwa, mwakani tunakwenda Lusaka.

"Wasichana wenu ni wapole sana," Rogers alisema. "Lakini kompyuta hawajui, dada. Namwuliza mtu, unajua kazi hii? Ananiambia, 'kidogo tu.' Sasa mimi niandike nini? Kidogo?"

"Wote uliwauliza hivyo?"

"Si ndivyo fomu inavyosema? 'Eleza umahiri wako.' Kampala walijieleza mpaka nikawaomba wapumzike."

Demetria alitoka nje kupunga upepo. Wasichana hawakuwa wameondoka. Walijaa barazani, wenye buibui na wenye sketi za ofisini, wakimegeana mihogo ya kukaanga. Karibu kila mmoja alikuwa na shoga yake wa kumsindikiza.

"Umemwambia ile programu ya zahanati umeiandika mwenyewe?" mmoja alimwuliza mwenzake.

"Nimwambie mie? Anione najidai? Thubutu!"

Uso wa Demetria ukamchoma kwa haya. Mji huu ulikuwa umemlea, naye miaka sita ya Nairobi ilikuwa imemsahaulisha. Hapa anayejimwagia sifa mbele ya mgeni huwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajameza mate. Hata kijana aliyekondeana kwa mapenzi haendi kujiposea. Hukaa kwao akitafuna kucha, na mshenga ndiye anayekwenda kutaja ukoo wake, kazi yake na tabia yake. Na ile fomu, ole wake, aliichapa yeye mwenyewe Demetria.

Akarudi ndani mbiombio. "Waite wote upya. Kila mmoja aingie na mwenzake, na wewe umwulize huyo mwenzake."

"Hiyo si intavyuu, hiyo ni posa!"

"Basi pokea posa."

Ndimi zikafunguka. Aliyekuwa bubu asubuhi alisemewa mpaka akainamisha uso kwa haya, na Rogers akauliza, akapinga, akauliza tena, kalamu haikai. Saa tisa na nusu majina yalikuwa tisa, na barazani walibaki wawili: Hamisa, karani wa shule moja ya Tegeta, na Nusaiba, mwalimu wa shule hiyohiyo, aliyekuja kumsindikiza tu.

"Huyu usimwone kimya," Nusaiba alianza. "Mashine ya shule iligoma, matokeo ya mwaka mzima yamo ndani. Fundi akasema tupeni. Huyu akaifungua, akatoa diski, akaiunga kwenye mashine nyingine. Akaona mafaili yako hai, kilichokufa ni orodha inayoonyesha yalipo. Akaandika programu ya kuyasaka moja moja—"

"Aliiandika kwa lugha gani ya kompyuta?"

"Paskali. Tulijaribu Besiki kwanza, ikawa nzito."

Rogers aliinua kichwa. "Tulijaribu?"

Hamisa akapasuka kicheko. "Kaka, mie nilishika bisibisi tu. Fundi ndiye huyu. We Nusaiba, muongo weye!"

"Nimekuja kukusemea wewe, sijaja kujisemea."

Demetria alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na mbili. Jina la kumi lilikuwa limesimama mbele yake, wala halikuwa limeomba kazi. Alitamani kumshika mkono ambembeleze; akajizuia. Binti wa watu haburutwi.

"Mwandike," Hamisa alisema, kicheko kimemwisha. "Namsemea mie. Kila nikijuacho nimekipata kwake. Wanafunzi wakilala, yeye yuko kwenye mashine."

Nusaiba alimkodolea macho shoga yake. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akakunja mikono ya buibui. Rogers alimpa kazi ya nusu saa. Aliimaliza saa kumi kasoro dakika mbili, na jina lake likaandikwa.

"Na Hamisa?" Rogers aliuliza taratibu. "Sasa niambie kweli."

Nusaiba alimgeukia mwenzake. Ilimwuma, ikaonekana. "Bado," akasema. "Nipeni mwaka mmoja naye."

Hamisa akaitika kwa kichwa, midomo ameibana. Akaokota mkoba wake, akamgeukia Demetria.

"Dada, mwakani mnakuja?"

Demetria alilivuta daftari, akahesabu majina kwa kidole, polepole, hadi la mwisho.

"Tunakuja," akasema. "Na atakayekusemea, mwambie asikuongezee hata neno."