Harusi Iliyofika kwa Mama Maximilla

Jumapili baada ya kanisa, Jerop alimpigia Seline, bosi wangu, simu kuuliza picha za harusi yake ziko wapi. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo nikipangusa matope kwenye viti vya plastiki. Seline huongea na simu ikiwa kwenye spika hata akiwa peke yake, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ziko ndani, mami. Fungua na ile password nilikutumia."

"Nimefungua. Hakuna kitu."

"Haiwezekani. Watu walikuwa wanaskani kama hawana akili nzuri. Niliwaona na macho yangu."

"Seline, nimeangalia mara nne. Kipkirui ameangalia. Hakuna hata moja."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Jerop na Kipkirui walioana Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa kule Kesses. Hawakuajiri mpigapicha. Walisema kila mgeni ana simu, basi kila mgeni atakuwa mpigapicha wao. Ndiyo kazi ya kadi zetu. Tunaweka kadi moja kwenye kila meza, ina ile QR, viraba vyeusi na vyeupe. Mgeni anaielekezea simu yake, ukurasa unafunguka, anapiga picha humo humo bila kubaki kwenye simu yake, na zote zinaingia kwenye albamu moja ambayo mwenye sherehe peke yake anaweza kuifungua. Seline amekuwa akikodisha hema na viti Eldoret kwa miaka kumi na miwili, na kadi hizi alizianza mwaka huu. Anapenda kuwaambia wateja, "Hata mimi mwenyewe siwezi kuona picha zenu. Naona nambari tu."

Basi alienda kwenye kompyuta kuangalia nambari. Albamu ya Jerop ilikuwa sufuri. Akateremka chini kidogo kwenye orodha, akasogeza uso karibu na kioo.

"Jemutai, kuja hapa."

Nilienda.

"Hii ni albamu ya Mama Maximilla, ile ibada ya kumuaga mzee wake. Ijumaa jioni ilikuwa na picha kumi na moja. Sasa iko na mia mbili na kumi na tisa. Niambie, mtu anaweza kuagwa Ijumaa halafu Jumamosi apate marafiki mia mbili?"

Nilikaa kwenye kiti ambacho nilikuwa sijakipangusa.

Mimi niliacha shule darasa la tano, mama alipougua. Nasoma, lakini polepole, na asubuhi ya sherehe hakuna polepole. Kwa hiyo nina njia yangu. Boksi la kadi za matanga nalifunga na utepe mweusi. Boksi la harusi nalifunga na kipande cha kitenge cha maua. Tangu tuanze, njia hiyo haikuwa imeniangusha. Maandishi ya kadi zote ni yale yale, "Karibu. Tuachie picha zako hapa," kwa sababu Seline hataki kuandika upya kila wiki, na ile QR yenyewe hata profesa wa chuo cha Chepkoilel hawezi kuisoma kwa macho.

Lakini Mama Maximilla alikuwa amekataa rangi nyeusi. Alisema mumewe, Injinia Ouma, alipenda njano, kwa hiyo kadi zake zilizungushiwa maua ya njano. Naye Jerop alichagua kadi nyeupe tupu yenye mstari mweusi pembeni, kwa sababu aliiona mahali kwenye simu na akaambiwa ndiyo mtindo. Ijumaa asubuhi Seline alinipa boksi la ibada mkononi, sikukosea. Jioni nilizikusanya zile kadi na kuzirudisha stoo, maana Seline hutumia upande wa nyuma kuandikia risiti. Nikaona maua, nikafunga kitenge. Nikaona mstari mweusi kwenye boksi lililokuwa likisubiri hapo, nikafunga utepe mweusi. Jumamosi alfajiri nilibeba kitenge kwenda Kesses, nikapanga kifo cha mtu kwenye kila meza ya harusi.

"Zihamishe," nilimwambia Seline.

"Nihamishe na nini? Password ni yake. Na kufuta pia anaweza. Akibonyeza mara moja tu, harusi ya Jerop imeenda." Alimpigia Mama Maximilla mara tatu. Simu iliita mpaka ikachoka. "Amezika jana huko Ugenya. Atakuwa anarudi leo. Kesho utaenda kwake."

"Mimi?"

"Nani alichanganya?"

"Seline, mimi siwezi kuongea na matajiri wa Elgon View."

"Ndiyo maana unaenda wewe. Mimi nikienda nitaongea sana. Mtu amefiwa, hataki maneno mengi."

Usiku ule nililala nikifikiria picha moja tu. Nyanya yake Jerop, ambaye sisi Wakalenjin humwita kogo, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miezi minane. Wakati wa kuwapa maharusi mursik, maziwa yetu ya kuganda, alimnywesha Jerop kutoka kwenye kibuyu, akampa mtu bakora yake amshikie, akacheza. Ana miaka inayokaribia tisini. Alicheza na mabega tu, taratibu, macho yamefumbwa, na Jerop akalia mpaka maziwa yakamwagika kwenye gauni. Watu wote walinyanyua simu. Kama ile picha iko mahali popote duniani, iko kwenye simu ya mama ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akimzika mumewe.

Jumatatu nilifika kwenye geti lake saa nne. Nilikuwa nimejifundisha maneno njiani: pole kwa msiba, natoka kwa Seline, tulikosea. Geti likafunguliwa na yeye mwenyewe, mama mrefu aliyevaa sweta ya kiume iliyompwaya, na maneno yote yakakimbia.

"Shikamoo mama," nilisema. "Mimi ni wa kadi."

Aliniangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Ni wewe ulinitumia harusi?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilianza kulia, jambo ambalo sikulipanga, kwa sababu aliyefiwa alikuwa yeye.

"Ingia," alisema. "Baridi inaingia nyumbani."

Alinikalisha jikoni, si sebuleni. Sebule ilikuwa bado imejaa viti vya watu waliokuja kuomboleza, vimewekwa ukutani, havina mtu. Akaweka chai, akaweka simu yake katikati ya meza.

"Wacha nikuambie vile ilikuwa," alisema. "Tulikuwa tumetoka tu kaburini. Niko kwa kiti, watu wananishika mkono, wanasema pole, pole. Simu inaanza kutetemeka. Nikasema, labda ni watu wa ibada wameleta picha. Nafungua, naona sufuria ya pilau."

Sikujua kama nicheke.

"Sufuria ya pilau, msichana wangu! Halafu mzee mmoja wa koti la kijani amebeba sahani mbili. Halafu watoto chini ya meza. Nikadhani kuna mtu anamcheka Ouma. Byron, kijana wangu, akataka kufuta zote. Alikuwa amekasirika sana. Amefika mahali pa kubonyeza kabisa."

"Alifuta?" niliuliza.

"Nilimnyang'anya simu."

Niliisogeza chai kando.

"Mama, tunaomba msamaha. Bibi harusi anaitwa Jerop. Hakuwa na mpigapicha. Hizo ndizo picha zake zote. Tunaomba umpatie."

Alivuta simu, akaanza kunionyesha. Kwanza zile kumi na moja za ibada. Jeneza kutoka mbele. Jeneza kutoka kando. Kofia za watu. Mchungaji ameinua mkono. Mama Maximilla mwenyewe, ameinamisha uso.

"Watu wanaogopa kupiga picha mahali pa kilio," alisema. "Wanaona ni kukosa adabu. Miaka thelathini na sita nimekaa na Ouma, na siku yake ya mwisho Eldoret ni picha kumi na moja, na tano ni za mbao."

Kisha akafika kwenye harusi, na kidole chake kikawa chepesi. Aliwajua. Aliwajua wageni wa Kesses kuliko nilivyowajua mimi niliyewapangia viti.

"Huyu wa koti la kijani, ni nani? Nimemhesabu, amekula mara tatu."

"Ni Mzee Kipyego. Ni mjomba wa Kipkirui, bwana harusi. Alikula mara nne. Ya nne alijificha nyuma ya hema, niliona."

Mama Maximilla alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akafunika mdomo kama mtu aliyevunja kikombe.

"Na hawa wawili? Katika kila picha wako karibu lakini hawaangaliani."

"Wamekosana juu ya shamba. Mchungaji aliwaweka meza moja makusudi."

"Wakaongea?"

"Waliombana chumvi."

"Aa, basi huo ni mwanzo."

Nilimwambia ya watoto waliolala chini ya meza ya keki. Nilimwambia ya mvua iliyokuja saa tisa, na vile akina mama wa kwaya walivyoshika hema kwa mikono ili lisipae, huku wakiendelea kuimba. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa siku moja. Kila nikinyamaza, alisukuma simu mbele. Na huyu je?

Tulifika kwenye picha ya kogo. Kulikuwa na kumi na tano, kutoka pande zote. Katika moja, mtu alikuwa amepiga akiwa amechuchumaa, na mkono wa kogo ulionekana mbele kabisa, umefunguka, kama unamwita mtu aje.

"Hii ndiyo iliyofanya nimnyang'anye Byron simu," alisema Mama Maximilla. "Niliiona pale pale kwa kiti. Sikujua huyu nyanya ni nani. Lakini watu wote walikuwa wananipa mkono kuniambia pole, na huyu peke yake alikuwa ananiambia simama." Akaifunika simu na kiganja. "Sasa ukizichukua, mimi nitabaki na kumi na moja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini simu ya Seline iliita bila kujibiwa.

Kunakili picha hakuziondoi mahali zilipo. Hilo nilijua, na kijana wake bila shaka alimwambia. Alikuwa anaogopa kitu kingine. Alijua kwamba picha za watu ni za watu, na mwenyewe akija, mama mwenye heshima yake hawezi kukaa na harusi ya wengine kama nguo iliyopeperushwa na upepo ikaanguka kwenye kamba yake. Na mimi sikuwa na ruhusa ya kumpa kitu ambacho si changu.

"Wacha nimuulize mwenyewe," nilisema.

Nilitoa simu yangu, kabambe. Sijawahi kumpigia mteja simu. Jerop alishika mara moja, kana kwamba alikuwa ameikalia.

"Zimepatikana?"

"Zimepatikana zote. Kogo yuko. Zote ziko salama."

Nilimsikia akiweka mkono kwenye simu na kupiga kelele ndani ya nyumba. Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza zilikokuwa, na siku gani zilifika, na kwamba mama aliyezitunza anaomba abaki nazo pia. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma na mbele.

"Alikuwa anazika," alisema Jerop, "na sisi tunamtumia pilau?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Ngoja."

Nilisikia maneno ya Kikalenjin, Jerop akieleza polepole kama mtu anayemlisha mtoto. Kisha sauti nyingine ikaja karibu sana na simu, nzito, ikipiga kelele kama wazee wanavyofanya wakidhani mbali ni mbali kweli. Niliweka spika.

"Anasema nini?" Mama Maximilla aliuliza.

"Ni yule nyanya. Anakusalimia. Anasema Jerop anakili tu, lakini zako hazirudishwi. Mtu akishakuona ukicheza, ameshakuona." Nilisikiliza zaidi. "Anasema na yeye alizika mzee wake, mwaka wa mvua nyingi, na hakuna mtu alikuwa na kamera, kwa hiyo anamweka kwa mdomo, kwa kumsimulia. Anauliza wako aliitwa nani."

Mama Maximilla alinyoosha sweta kwenye mabega. Aliangalia ile simu yangu ndogo yenye vitufe kama inayo macho.

"Mwambie aliitwa Ouma."

Nikamwambia.

"Anauliza alikuwa mtu wa namna gani."

"Mwambie..." Alisimama, akakaa tena. "Mwambie alikuwa anaimba vibaya sana. Kanisani watu walikuwa wanahama kiti. Na hakuwahi kujua, kwa sababu mimi sikumwambia."

Niligeuza maneno yale kwa Kikalenjin. Upande wa Kesses kogo akacheka, kicheko kirefu cha kikohozi, na Jerop nyuma yake. Mama Maximilla alipokisikia alisogeza kiti chake karibu na simu, akaweka viwiko viwili juu ya meza.

"Mwambie pia," alisema, "alikuwa anaamka saa kumi na moja kuninyooshea nguo, halafu anazichoma."

Nikamwambia. Kogo akauliza swali lingine, na lingine. Nilikaa katikati yao nikipeleka na kuleta maneno.